Kuku Apite

Mtaliano aliyeniuzia hakunificha kitu.
Alisema: hii imezaliwa kwa lami,
akaipiga ubavuni kama anayeaga punda,
akapanda ndege.
Nami niliyehesabu magunia ya chumvi Gongoni
miaka ishirini na sita
nilijua bei ya chini ina upungufu uliofichwa mahali.
Nikalipa hivyo hivyo.

Kitanda kimoja na nusu. Jiko la mafiga mawili ya gesi.
Dirisha la kufungukia juu, kama kope.
Jirani zangu wa Muyeye wakasema:
Umazi kawa konokono.

Safari ya kwanza hatukufika Garashi.
Kuna korongo njiani, na katikati yake mwamba,
jino lililokataa kung'oka.
Gari likapita. Trela ikakaa.
Nikasikia tumbo lake likikwaruzwa,
sauti ya kijiko kwenye sufuria tupu,
kisha bomba likakatika,
lita sitini za maji safi zikaenda mchangani
na mbuzi, sijui walitoka wapi, wakaja kunywa
bila hata kututazama.
Mama, miaka themanini na moja, kiti cha mbele:
Angalau kuna aliyefaidi.

Fundi Thoya ana gereji Maweni,
na jina la mtaa lilinitosha kuwa mzaha.
Alilala chali chini ya trela, miguu tu nje,
akazungumza na chuma kabla ya kuzungumza nami.
Ipande kiasi gani?
Kuku wake alikuwa akichokora vumbi la msasa.
Kuku apite, nikasema, bila kuinama.
Alicheka mpaka viatu vikacheka.

Nilijifunza haya nimekalia betri iliyokufa:
ekseli ilikuwa imepanda springi, mtoto mgongoni;
ishushe, springi ziipande yenyewe,
na mwili wote unainuka.
Ni kubadilishana nafasi tu.
Lakini usiipindue. Mimi nilidhani ni kuipindua.
Thoya akavuta uzi kutoka ncha hadi ncha:
ona, ina kibyongo kidogo, ilitengenezwa nacho.
Ukiigeuza, magurudumu yataegemeana vichwa kama walevi.
Iache na mgongo wake. Tuulehemee viti vipya.

Boliti kuukuu zilikataa. Chumvi.
Nikaona haya, kana kwamba niliiandika humo kwa kalamu yangu.
Yeri, mwanagenzi, akazinywesha mafuta usiku kucha;
asubuhi zikalia, zikaachia.
Jeki mbili, magogo ya mkoko,
na Thoya na Kitaliano chake cha kuokota hotelini:
piano, piano.

Waliosema aliye juu mngoje chini
hawajalala chini ya ekseli jeki ikiteleza.
Iliteleza mara moja. Magogo yakashika.
Hakuna aliyesema neno. Yeri alikwenda kununua soda.

Inchi nne na nusu.
Siku ya tatu kuku alipita, kwa hiari yake,
akaacha kinyesi pale pale, kama muhuri.

Kisha nikamleta Mama.
Alisimama mlangoni, mkono kwenye goti lisilokunjika,
akapima kwa macho.
Umeinua nyumba, Umazi. Mimi umeniacha wapi?
Nilikuwa nimefikiria mwamba, bomba, kuku.
Goti sikulitia hesabuni. Mimi, karani.

Kwa ile ngazi Thoya hakunitoza:
jani la springi lililovunjika, akalikata, akalilehemu,
akalivisha kipande cha tairi lisiteleze.
Mama akapanda, akasema: moja.
Akaketi kitandani kama aliyekwisha fika.

Korongo bado lipo. Mwamba una alama nyeupe,
rangi ya tumbo letu.
Nilizima redio, nikaenda taratibu mno,
nikisikiliza kwa mgongo.
Vijiko viligongana kwenye droo.
Basi.

Mbuzi wamekuja, akasema Mama
akitazama kioo cha pembeni. Wanangoja.

Nikasimama ng'ambo,
nikafungua bomba. Kidogo.